Usiifungue Kabla Hujaisoma: Kufufua Honda CG125 Kwenye Gereji ya Nyumbani

Pikipiki iliyosimama bandani kwa miaka ina mengi ya kukueleza kuhusu yaliyoisibu, lakini itakueleza mara moja tu. Ukishafungua nati zote na kuzimwaga kwenye karai, ukishaosha injini kwa petroli na kutupa gasketi iliyokuwa ikivuja, habari imekwisha. Ndiyo maana nakusihi uende polepole. Haraka hufuta ushahidi wa kipi kibovu na kipi kizima, nawe unaishia kununua vipuri usivyovihitaji huku kasoro yenyewe imebaki ndani.

Nitaeleza kazi hii kwa mfano mmoja: Honda CG125 ya mwishoni mwa miaka ya 1970 au ya miaka ya 1980. Ni pikipiki ya silinda moja, fostroki, yenye ujazo wa sentimita mchemraba 124, kipenyo cha silinda milimita 56.5 na mwendo wa pistoni milimita 49.5. Ilipotoka mwaka 1976, Honda walikuwa tayari na injini ndogo nzuri zenye kemshafti juu ya silinda, inayozungushwa kwa cheni. Kwenye CG wakairudisha kemshafti chini, wakaizungusha kwa gia, na wakapandisha nguvu hadi kwenye roka kwa pushirodi mbili. Sababu ilikuwa watu wa kuitumia: waendeshaji wa nchi ambako pikipiki hupakiwa mizigo mizito, hupita kwenye vumbi na hucheleweshewa oili. Kemshafti ya juu na cheni yake huumia mapema oili ikichafuka. Gia iliyolala karibu na oili huvumilia. Kemshafti yenyewe ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili. Mimi naiona kuwa moja ya injini zilizofikiriwa vizuri kuliko zote katika ukubwa wake, na naipendekeza kwa mtu anayeanza kwa sababu hiyo hiyo: ndani hakuna vitu vingi, na kila kilichomo unaweza kukifikia.

Kuna sababu ya pili. Injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zinazobeba bodaboda leo zimetokana na mchoro huu. Fundi wa kijiweni kwenu, ambaye huenda hajawahi kugusa Honda ya 1978, anaijua injini hii kwa vidole. Vipuri vyake vimejaa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na kwenye maduka ya Kirinyaga Road kule Nairobi. Ila usidanganyike na kufanana. Injini za 150 za ukoo huu zina silinda ya milimita 62, kwa hiyo pistoni yake haina kazi kwako. Na hata kipuri cha 125 kikikaa mahali pake, kiweke kwanza mezani kando ya kile cha zamani, ukipime kwa venia: kipenyo cha pini, urefu kutoka pini hadi kichwa cha pistoni, upana wa mifereji ya ringi. Duka likikukatalia kupima, nenda duka jingine.

Kama uliyonayo ni Yamaha DT au nyingine ya tustroki, mpangilio wa kazi ni huu huu kwa sehemu kubwa, ila huna valvu za kusaga, na sili za krenki zinakuwa jambo la kwanza badala ya la mwisho.

Kabla hujatoa pesa, tazama karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, namba ya injini iko kwenye kasha la injini. Zote mbili zisome kwa macho yako baada ya kusugua uchafu, uzilinganishe na kadi ya TRA, au logibuku ya NTSA kama uko Kenya. Pikipiki kongwe huuzwa mara nyingi kwa kauli ya mdomo: baba alifariki, kadi imepotea, tutaitafuta. Itafutwe kwanza. Miezi yako ya kazi na fedha zako zote zitakaa juu ya karatasi hiyo, na hakuna rangi wala injini nzuri itakayokuruhusu kuiingiza barabarani kihalali bila hiyo.

Mahali na vitu

Huhitaji gereji kubwa. Kibaraza chenye paa, sakafu ngumu na mlango unaofungwa kinatosha. Kinachohitajika hasa ni hewa ipitayo, kwa kuwa utashughulika na petroli, na petroli na jiko la mkaa havikai nyumba moja. Kama jikoni ni ukuta wa pili, fanyia kazi za mafuta uani. Weka ndoo ya mchanga karibu. Watoto wajue kuwa chupa za gereji si za kunywea, na wewe usiwahi kumimina petroli wala tindikali kwenye chupa ya soda.

Jiliwa imara kwenye meza nzito itakusaidia kuliko seti kubwa ya spana za bei rahisi. Nunua spana chache nzuri za namba 8, 10, 12, 14 na 17, fila geji, venia, nyundo ya plastiki, na bisibisi ya kugongea. Toki renchi inaweza kuazimwa siku ya kufunga injini.

Jambo moja la afya lisipuuzwe. Viatu vya breki na sahani za klachi za zama hizo huweza kuwa na asbesto. Usipulize vumbi la breki kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa.

Kuisoma

Wiki za kwanza usifungue kitu. Piga picha kila upande, karibu sana: njia ya kila waya, jinsi kebo ya klachi inavyopita, washa ipi iko upande upi wa nati. Kisha tafuta dalili. Mafuta meusi yaliyogandamana na vumbi chini ya silinda yanakuonyesha gasketi iliyokuwa ikivuja. Utando mweupe wa kutu ya aluminiamu hueleza kuwa maji, au hewa ya chumvi, imekaa pale. Pikipiki iliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja ina tabia yake: kwa juu inaweza kuonekana safi, lakini ukifungua kifuniko cha magneti unakuta kutu ya unga mwekundu, na skrubu zimeshikana na kasha kana kwamba zimechomelewa. Ya Dodoma au Kajiado huja na vumbi laini lililopenya hadi kwenye kabureta, ila nati zake hufunguka.

Tazama pia alama za mafundi waliokutangulia. Kichwa cha bolti kilicholiwa, gundi ya silikoni iliyofurika kwenye maungio, skrubu moja isiyofanana na wenzake: hapo mtu alipita, na hapo ndipo utakapokuta uzi uliokwisha au kipande kilichorudishwa kinyume. Andika yote kwenye daftari. Daftari la karatasi. Simu hufa chaji na mikono yako itakuwa na grisi.

Usiipige kiki. Hamu itakushika, na mwenye pikipiki atakuambia kuwa iliegeshwa ikiwaka. Huenda ni kweli, lakini ringi zilizoshikwa na kutu kwenye ukuta wa silinda huchana ukuta huo kwa mapigo machache tu. Toa plagi kwanza, uitazame: nyeusi yenye mafuta huashiria ringi au gaidi za valvu zilizolika, ya kahawia kavu ni habari njema. Mimina vijiko viwili vya oili nyepesi kwenye tundu, acha usiku kucha, rudia. Baada ya hapo toa kifuniko cha magneti, weka spana kwenye nati ya katikati, usukume taratibu mbele na nyuma. Ikisogea, umejua kuwa pistoni haijashikana. Isiposogea, usilazimishe, endelea kulowesha.

Mwaga oili kwenye chombo safi kisha uichunguze juani. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Chembe zing'aazo za rangi ya fedha ni aluminiamu, pengine ya pistoni. Chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma cha gia au beringi. Weka oili hiyo kidogo kwenye chupa yenye tarehe. Ukifika ndani ya injini utajua unatafuta nini.

Nati na skrubu zilizokwama

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani si sawa na zile ambazo bisibisi ya nyota ya kawaida imetengenezewa. Zinafuata kipimo cha Kijapani, JIS, na nyingi zina nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida ina ncha inayogusa chini ya shimo kabla mabawa hayajashika kuta, kwa hiyo ukizungusha inapanda juu na kula skrubu. Tafuta bisibisi ya JIS. Ukiikosa, saga kidogo ncha ya bisibisi ya kawaida kwa tupa mpaka ikae chini bila kutikisika. Kisha gonga mgongo wa bisibisi kwa nyundo mapigo mawili matatu kabla ya kuzungusha. Pigo hilo huvunja kutu kwenye nyuzi, na mara nyingi ndilo linalofungua, si nguvu ya mkono. Bisibisi ya kugongea hufanya yote mawili kwa pamoja. Paka kidogo dawa ya kusagia valvu kwenye ncha ili ishike zaidi.

Kwa bolti kubwa, mafuta ya kulegeza kutu yanataka muda. Nyunyiza leo, gonga, nyunyiza kesho, gonga tena. Mafundi wengi huchanganya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupenya vizuri sana, lakini hushika moto upesi, usiutumie kabla ya kupasha moto kwa gesi. Baada ya siku kadhaa za kulowesha, mahali pakiwa pamefutwa pakavu, joto ndilo silaha ya mwisho. Pasha kasha la aluminiamu linaloizunguka bolti, usipashe bolti. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na mwanya huo mdogo unakutosha. Ukianza kugeuza, kaza kidogo kwanza, kisha legeza, kaza, legeza. Bolti ikilia mlio mkavu, rudi nyuma, ongeza mafuta.

Ikikatika hata hivyo, usichukue drili kwa hasira. Kama imebaki ncha juu ya kasha, mchomeleaji mzuri anaweza kuchomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe huilegeza. Kama imekatikia ndani, mpelekee mkerezaji mwenye mashine. Malipo yake ni madogo kuliko bei ya kasha jipya, ambalo kwa pikipiki ya miaka hiyo huenda usilipate kabisa.

Kila kinachotoka kiingie kwenye mfuko mdogo wenye karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Skrubu za kifuniko cha klachi hazilingani urefu. Zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la kifuniko, kila moja mahali pake. Na usitupe kipande chochote cha zamani mpaka kipya kimekaa, kimefanya kazi na kimetembea barabarani. Beringi ya Kijapani yenye miaka 40 inayozunguka kimya baada ya kuoshwa inaweza kuishi kuliko mpya isiyo na jina uliyoinunua kwa haraka.

Ndani ya injini

Legeza nati za silinda hedi kwa zamu, kwa mshazari, robo mzunguko kila moja. Pushirodi zikitoka, ziwekee alama ya ipi ilikuwa ya valvu ya kuingiza na ipi ya kutoa moshi, maana ncha zake zimezoeana na roka zake. Ziviringishe juu ya kioo: iliyopinda itaruka.

Silinda isome kwa kidole kabla ya kipimo. Pitisha ukucha karibu na juu, pale ringi ya juu inapogeukia. Ukucha ukinasa kwenye ukingo, silinda imelika. Mikwaruzo ya kusimama inayohisika kwa ukucha nayo ni hukumu. Kisha ichukue ringi ya juu peke yake, iingize ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kwa ringi mpya ya ukubwa huu ni takriban milimita 0.15 hadi 0.35. Pima juu, katikati na chini. Mwanya ukitofautiana sana, silinda si mviringo ulionyooka tena, na ringi mpya peke yake hazitakusaidia.

Pistoni za ukubwa wa ziada hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mkerezaji pamoja na bloku, umwambie achonge kulingana na pistoni ile iliyo mkononi mwake. Akichonga kwa namba ya kwenye boksi bila kuipima pistoni, unaweza kupata injini itakayonoki ikipata moto, au itakayogonga ikiwa baridi. Na mwombe afanye honi, yaani mikwaruzo laini ya kupishana inayoshika oili ukutani. Ukirudi nayo nyumbani, ioshe silinda kwa maji moto na sabuni ya unga, si petroli, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli huondoa mafuta lakini huacha unga wa jiwe kwenye mikwaruzo ile, na unga huo utazila ringi zako mpya. Kausha papo hapo, paka oili.

Valvu zikiwa na mashimo madogo kwenye uso wa kukalia, zisage kwa dawa mpaka upate pete ya kijivu isiyokatika. Kupima, zifunge na springi zake, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la kuingizia mchanganyiko, kisha la moshi. Kusiwe na tone ndani ya chumba cha moto baada ya dakika kadhaa. Shika pia shina la kila valvu likiwa limefunguka kidogo, ulitikise: likicheza sana, gaidi zimekwisha, na kusaga ni kupoteza muda.

Kwa krenki, shika koni rodi ikiwa juu kabisa, uivute na kuisukuma wima. Kucheza kwa ubavuni ni kawaida. Kucheza kwa wima, hata kidogo cha kusikika, maana yake beringi ya chini imekufa, na krenki lazima itolewe na kufungwa upya na mtu mwenye presi na kifaa cha kuinyoosha. Kazi hiyo usiijaribu kwa nyundo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulipita. CG haina chujio la karatasi. Ina wavu wa waya chini, na upande wa klachi ina kikombe kinachozunguka na krenki, ambacho hurusha uchafu mzito hadi kwenye ukingo wake na kuuacha pale. Fungua kifuniko cha kikombe hicho. Kwenye pikipiki iliyosahauliwa utakuta tope gumu jeusi limejaa mpaka nusu. Likwangue kwa kijiti cha mti au plastiki, lifutwe lote, na usiruhusu kipande kiangukie kwenye tundu la katikati linalopeleka oili kwenye krenki. Usafi wa kikombe hiki una maana zaidi kwa maisha ya injini yako kuliko bei ya oili utakayomwaga ndani.

Wakati wa kufunga, ringi zikae na alama zikitazama juu, mianya yake ikipishana kwa theluthi ya duara. Gasketi zote mpya. Nati za hedi zikazwe kwa mshazari, kwa hatua, kwa toki renchi na kipimo kilicho kwenye kitabu cha modeli yako. Kisha zungusha magneti mpaka alama ya T ilingane na alama ya kasha, valvu zote zikiwa zimefungwa, uweke nafasi ya milimita 0.08 kwa valvu zote mbili injini ikiwa baridi. Fila geji ipite kwa kusuguana kidogo. Kwa matoleo ya mwanzo yenye pointi, mwanya uwe milimita 0.3 hadi 0.4, na pointi zianze kufunguka alama ya F inapofika. Pointi zilizochomeka zisuguliwe kwa tupa laini. Zikiwa na shimo upande mmoja na kilima upande wa pili, kondensa imechoka, badilisha yote.

Tangi na kabureta

Tangi lenye petroli ya zamani linanuka kama rangi iliyooza. Limwage, lioshe kwa sabuni, kisha liangalie ndani kwa tochi. Kutu nyepesi huondoka kwa siki: jaza tangi, acha siku mbili au tatu, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha mara moja kwa hewa ya moto na umimine oili kidogo ili lisishike kutu ile ile jioni. Kutu nzito ilegeze kwanza kwa kutia konzi mbili za nati ndani na kutikisa tangi. Hesabu nati kabla ya kuzitia.

Magadi hayo hayo ya sokoni, ya kulainishia maharage, yanafaa kwa kutoa kutu kwa umeme kwenye vipande vya chuma vya nje: yakoroge kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza kipande kilichofungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na nondo kwenye waya chanya, visigusane. Kutu italegea na kubanduka kwenye kipande. Lakini usitumie chuma cha pua badala ya nondo, kwa kuwa hutoa sumu ya kromiamu majini. Na ifanyike nje, maana mapovu yale ni haidrojeni. Sehemu za aluminiamu zisiingie humo, magadi huzila.

Tangi lililotoboka usilipeleke kwa mchomeleaji likiwa na harufu ya petroli. Mvuke uliobaki hulipuka. Awe mtu anayejua kulijaza maji au hewa isiyowaka kabla hajaligusa kwa moto.

Kabureta ni suala la subira na usafi. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu mpaka mwisho ukihesabu mizunguko, andika, ndipo uitoe. Jeti zisichomwe kwa waya wa chuma. Tundu likikua kidogo tu, kipimo chake kimekufa. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki na hewa ya kompresa. Tikisa boya sikioni: likilia maji, lina tundu.

Yanayokusimamisha

Breki, tairi na shingo havina mjadala wa kuhifadhi vya asili. Tairi lina namba nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye namba tatu lilitengenezwa kabla ya 2000, na nafasi yake si barabarani hata kama meno yake ni mapya. Pima ndani ya ngoma ya breki, kisha ulinganishe na kipimo cha mwisho kilichoandikwa humo au kwenye kitabu. Gonga kila njiti ya gurudumu kwa spana ndogo: inayotoa mlio mfu imelegea. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukihisi mahali panaponasa katikati, gololi zimechimba vikombe vyake, badilisha vyote viwili.

Kwa umeme, anza na ardhi. Sugua mahali waya wa ardhi unapogusa fremu mpaka chuma king'ae. Hitilafu nyingi ambazo watu huzitafuta kwenye koili huishia hapo. Kumbuka pia kwamba CG za mwanzo ni za volti 6. Balbu na betri za volti 12 zilizojaa madukani si za kwako.

Rangi ije mwisho. Ninajua hamu ya kuanza nayo, maana ndiyo inayoonekana na majirani. Lakini fremu iliyopakwa kabla ya injini kukaa itachunwa siku ya kuirudisha injini. Nami nakuomba ufikirie mara mbili kabla ya kupaka chochote. Tangi lenye rangi yake ya kiwandani, hata likiwa limefifia, haliwezi kutengenezwa tena. Lisafishe, lipake nta, uliache. Kromu yenye madoa isugue kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji, na utashangaa kiasi kinachorudi. Kama fremu lazima ipakwe, ziba namba ya chasisi kwa utepe kabla ya mchanga wa kupulizia na kabla ya rangi. Kasha la injini usilipige mchanga kabisa: chembe moja ikijificha kwenye njia ya oili inatosha kuua kila ulichokifanya.

Siku ya kuiwasha, itoe nje. Mimina oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, takriban lita moja, ukihakikisha kwa kijiti. Klachi ya CG huogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Dondoshea oili kwenye roka na pushirodi kabla ya kufunga kifuniko. Piga kiki ukiwa umetoa plagi mpaka uhisi ulaini, kisha rudisha plagi yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, fungua koki, vuta choki.

Ikiwaka, usiiache ilie palepale kwa dakika nyingi. Iendeshe. Ringi mpya hukaa kwa mzigo unaopanda na kushuka, si kwa kunguruma imesimama. Kwa kilomita 500 za mwanzo usiikamue mpaka mwisho, wala usiilazimishe kupanda mlima kwa gia kubwa. Badilisha mwendo mara kwa mara. Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 100, uichuje kwenye kitambaa cheupe ukiwa na sumaku. Injini ikipoa kabisa, kaza tena nati za hedi kwa kipimo kile kile, pima upya zile milimita 0.08 za valvu, na upitie kila bolti ya injini na ya magurudumu kwa spana. Yaandike yote daftarini, chini ya ukurasa ule ulioandika kabla hujafungua nati ya kwanza.